Bawasiri ya Nyumba Yetu

Jinja, kambi ya askari jela

Kaka Wambede,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto. Mguu wa mama unaendeleaje? Nakuandikia Kiswahili ulichonifundisha ulipotoka jeshini, maana wanao wakiichungulia barua hii hawataambulia kitu. Mimi nipo, ila si mzima, na safari hii sinyamazi.

Ile damu chooni niliyokwambia kwenye simu haikukoma. Ulinijibu kwamba ni bawasiri, ninywe mizizi nifunge mdomo, kwa kuwa hata wewe unayo tangu mwaka juzi na hujafa. Nikanywa. Choo kikabadilika, tumbo likasokota, mkanda wa sare nikautoboa tundu jipya. Wenzangu wakacheka: "Afande, wewe nakula pilipili mingi."

Nikaenda hospitali. Daktari ni binti, rika la mwanao wa kwanza. Aliponiambia nivue suruali nilalie ubavu, nilitaka kutoka mbio. Kisha nikakumbuka kwamba nilitahiriwa uwanjani kwetu Mbale, mchana kweupe, kijiji kizima kikitazama, na sikutikisika. Leo nimwonee haya mtu mmoja aliyefunga mlango? Nikavua.

Alipima kwa kidole, kisha akauliza, "Mzee, kwa nyumba yenu kuna mwingine anatoa damu hivi?" Nikamweleza tumbo lililomuua baba, na wewe nikakutaja. Kasirika ukipenda. Baadaye wakanipitishia kamera, wakaona uvimbe, wakakata kipande kikapimwe. Majibu bado. Naogopa, kaka, sikufichi. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na baba kilimuumbua sote tukitazama.

Daktari amesema, "Huyo kaka yako aje. Kama ni bawasiri, sisi ndio tuseme." Wewe si daktari, afande, ulikuwa dereva wa lori la jeshi. Panda taksi Jumatatu, nitakungoja hapa paki, taksi zinaposhusha abiria. Usipokuja, barua nyingine nitaiandika Kigisu, lugha yetu ya nyumbani, na shemeji ataisoma mwenyewe.

Mpe mama pole ya mguu. Shangazi yetu wa mizizi naye msalimie, umwambie namheshimu ila dawa yake imeshindwa.

Siku ile ya kisu ulisimama nyuma yangu ukaninong'oneza nisipepese jicho. Sikupepesa. Sasa ni mimi niliyesimama nyuma yako.

Mdogo wako,
Masaba