Viatu vya Darasa la Kwanza

Mume wangu Crisanto,

Natumaini bahari huko imetulia. Hapa Cebu Krismasi imekaribia, duka limefurika watu, na miguu yangu imevimba kwa kulinda mlango. Watoto hawajambo.

Jana king'ora kililia, nikamshika bega mama mmoja aliyekuwa anatoka.

"Samahani mama, fungua mkoba."

Akageuka. Alikuwa mama yako. Mkobani mlikuwa na viatu vidogo vya shule, havijalipiwa.

"Usinifunge, mwanangu," akanisihi. "Ni vya Crisanto wangu. Anaanza darasa la kwanza."

Hakunitambua, na tunaishi nyumba moja! Meneja alimwonea huruma, nikamrudisha nyumbani.

Sikutaka kukutia wasiwasi, lakini kumwangalia peke yangu siwezi tena. Omba ruhusa urudi, maadamu jina lako bado analikumbuka.

Mkeo,
Rosenda