Jina la Baba Neema

Jumamosi, baada ya harusi

Nilikuwa nimeshasimama. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nilipowaona jukwaani pale ukumbini Singe, Josefu na maiki, Mathayo na gitaa lake, nilifurahi kama mtoto. Tangu bendi yao ya zamani, tuliyoiita yetu, ivunjike sikuwahi kuwaona pamoja. Sasa wana kundi jipya na suti za bluu. Sikujali, sauti ni zile zile.

Kisha wakapiga ule wimbo wetu. Katikati gitaa hunyamaza, Josefu anamwita "Baba Neema wa Bagara," na mume wangu anainuka kwenda mbele kucheza. Miaka yote ilikuwa hivyo. Siku tuliyomzika, Josefu aliniambia mwenyewe, "Mama Neema, hili jina halitoki kwenye wimbo."

Leo gitaa liliponyamaza nikainuka kwa niaba yake, kitenge nimekifunga vizuri. Josefu akaita jina la mwenye ukumbi.

Watu wakageuka kuniangalia. Nikajifanya naenda kunawa mikono.

Josefu akanifuata nje. "Shikamoo, Mama Neema. Unajua hili ni kundi jipya, tunaanza upya."

Sikumwitikia. Mimi, kuacha kuitikia shikamoo. Nikamuuliza tu, "Na wimbo mbona mmekuja nao?"

Akarudi jukwaani.

Neema amepiga simu sasa hivi kutoka Arusha. "Mama, nimesikia kina Josefu wamepiga harusini. Baba wamemtaja?"

Nimemwambia wamemtaja, nami nikaenda mbele nikacheza.