Ngoma Zilielekea Mjini, Mimi Nikapita Nyuma

Mbale, Jumamosi jioni. Mvua imekatika sasa hivi na mlima Wanale bado umejifunika mawingu. Miguu imevimba, nimeiweka juu ya mto. Nina furaha, na nina hasira pia.

Wanaonifahamu wanajua kadodi ndiyo ugonjwa wangu. Hizo ngoma za Wagisu za kuwasindikiza vijana jandoni zikipita Jinja kwenye harusi au kampeni, nafunga kibanda changu cha mitumba na kuzifuata. Wateja wameshanizoea. Basi nilipoamua kutembea kwa miguu kutoka Jinja hadi Mbale, marafiki wachangie kwa kila kilomita, kusaidia nyumba inayowahifadhi wanawake waliopigwa na waume zao, niliomba kikundi cha kadodi kinipokee huku na kunisindikiza hadi mlangoni. Nikatangaza mtaa wetu wote wa Walukuba. Mdomo wangu haujui breki.

Ndani ya nyumba hiyo yumo jirani yangu. Nimwite Nambozo, si jina lake. Mumewe alimvunja mkono, nikampeleka hospitali mimi mwenyewe, na hadi leo mwanaume huyo anamtafuta; hupita kibandani kwangu kuniuliza kwa upole alipo, nami huinamisha uso. Haya ninayoyaandika sitayachapisha mpaka Nambozo ahamishiwe kwingine. Mtaa wa nyumba sitautaja kamwe.

Jana nilipofika Kamonkoli, karibu kabisa na Mbale, mama anayesimamia nyumba alinipigia simu. Alikuwa ndiyo kwanza amesikia habari za ngoma.

"Wewe, hiyo ngoma iko naita mutaa muzima," alisema. "Watu yote itafuata mpaka kwa geti. Na bwana ya Nambozo pia itafuata."

Nilinuna. Nimepigwa na jua na mvua njia nzima, halafu niingie kimya kama mwizi? Nilitaka kumwambia kwamba bila ngoma hakuna atakayejua nimefika. Kisha nikamkumbuka Nambozo.

Nyumba ile inaishi kwa kutojulikana. Nusura nimpeleke yule mwanaume mlangoni kwa shangwe.

Leo asubuhi nikamweleza Afande Wamono, mwanajeshi mstaafu anayeongoza kikundi, kwamba wasinifikishe mlangoni. Alikasirika. Kwao, kumsindikiza mtu na kumwacha njiani ni aibu.

"Kadodi nafikisha mutu mpaka kwa nyumba," alisema. "Sisi haiwezi kutupa mutu kwa barabara."

Nikamwambia asinitupe. Akifika njia panda ageuze kuelekea mjini, apige kwa nguvu zake zote, awachukue watu wote aende nao, asibaki hata mmoja wa kutazama nyuma. Alinitazama kidogo, kisha akacheka.

"Ah! Hii sasa ni mambo ya jeshi."

Na kweli walipiga. Mwili wangu ulitaka kwenda nao, sitaki kudanganya. Lakini pale njia panda nilijitoa pembeni, nikavua fulana ya matembezi, nikajitanda leso na kujibanza nyuma ya kibanda cha chapati, nikisubiri umati upite.

Ndipo nikamwona. Mume wa Nambozo, mikono juu, mabega yanatikisika, jasho linamtiririka. Bila shaka alidhani bado niko mbele, karibu na ngoma. Anacheza vizuri, mshenzi yule. Alipita karibu nami kabisa bila kugeuza kichwa, akawafuata wenzake hadi wakapotea.

Nilishika njia ya nyuma, peke yangu, hadi kwenye nyumba.

Nambozo alinifungulia geti. Tulikumbatiana, nikalia kama mtoto, na yeye ndiye aliyenibembeleza. Ngoma zilikuwa zinasikika kwa mbali. Akaniuliza kama mumewe alikuja. Nilitamani kusema hapana, lakini anayewindwa ana haki ya kujua mwindaji yuko wapi. Nikamwambia alikuja, na kwamba yuko mjini anacheza.

Akaenda kulifunga geti kwa komeo, kwa mkono uleule uliovunjwa. Kisha akarudi katikati ya ua, akakaza leso kiunoni, akaanza kucheza. Wenzake wakatoka ndani mmoja mmoja, wakaungana naye, bila kupaza sauti. Hatukuacha hadi ngoma zilipokoma.

Jumatatu nitafungua kibanda. Najua mume wa Nambozo atapita, atanisalimia kwa upole wake ule, aniulize safari yangu iliishia wapi. Sitainamisha uso tena mbele yake. Nitamtazama machoni nimwambie nilifuata ngoma, kama yeye.