Risasi Nyepesi kwa Kanga wa Zuhura

Mtani wangu Bakari,

Najua huko uliko unacheka. Mngoni kaanguka na baiskeli! Tena si mlima wa maana, ni kile kiteremko cha Maposeni ambacho bibi zetu wanakishuka na mizigo ya kuni kichwani. Nilikuwa nimepakia madebe mawili ya mahindi, breki ikakatika, nikaangukia bega la kulia na mtulinga ukavunjika. Ulikuwa umetutoka miezi mitatu tu. Kitu cha kwanza nilichowaza pale chini ni kwamba hakuna wa kunicheka. Nikalia, Bakari. Watu wakadhani nalilia bega.

Mfupa umeunga, ila bega halijawa bega. Daktari alinikataza lisipigwe na kitu chochote mpaka mwaka uishe. Nikamuuliza, na bunduki je? Akasema, "Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, mzee."

Sasa shida haikuwa bega, shida ilikuwa mdomo wako. Siku ya posa ya binti yako Zuhura si uliwaambia wakwe, mimi nimekaa pembeni yako, kwamba siku ya ndoa hawatakula kuku wa kununua sokoni, watakula kanga wa porini? Na mimi nikatingisha kichwa, ndiyo, ndiyo. Wewe ukaondoka, ndoa ikabaki palepale, mwezi wa nane. Mama Zuhura akaniletea ujumbe: "Mwambieni shemeji asijisumbue, tutachinja kuku." Alikuwa ananihurumia, na mimi huruma ile ilinichoma. Bunduki ni yangu, leseni ina jina langu, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuishika. Nisipopiga mimi, basi neno lako limekufa na wewe.

Nikaijaribu kwa risasi zilizobaki kabatini, zile zetu za siku zote. Nilipiga moja tu. Teke lake likanikalisha chini, na machozi yakanitoka mtu mzima. Mke wangu akaja, akaifungia bunduki na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge chake.

Lakini wewe unanijua, nikishaanza kudadisi jambo silali. Kwa nini bunduki inapiga teke? Miaka yote ile tumepigwa mateke, hatukuwahi hata kujiuliza. Tulidhani ndivyo ilivyoumbwa, kama punda.

Unakumbuka risasi zilivyokuwa za kuwinda kuliko hata kanga wenyewe? Unakwenda na kibali chako, unaambiwa zimekwisha, urudi mwezi ujao, na siku zikipatikana ni za aina moja, nawe unashukuru. Siku hizi ni soko huria, mtani. Yupo mfanyabiashara mjini ana aina tano, kwenye makasha yenye picha za bata na sungura, maandishi ya lugha nisizozijua. Nikampa leseni yangu, akaniuliza, "Unataka zipi, mzee?" Maisha yangu yote niliulizwa kama nina kibali. Hilo la nataka zipi sikuwa nimewahi kuulizwa.

Nikachagua zenye ganda fupi. Nilijiambia fupi ndiyo pole, si ndivyo ilivyo kwa watu? Weee! Ilinipiga vibaya kama zile ndefu. Mke wangu alinikanda kwa maji ya moto huku ananisema mimi, bunduki, na wewe pia kwa kuahidi watu vitu.

Hapo ndipo nikakaa kitako. Nikachukua risasi moja ya zamani na moja ya kila aina aliyokuwa nayo yule mfanyabiashara, nikazipasua kwa kisu polepole, mbali na jiko. Baruti nikaimwaga nje, marisawa, zile chembe zinazompiga ndege, nikayaweka kwenye sahani, kila moja na sahani yake. Zile chembe nyeusi zilikuwa nyingi kwenye sahani moja, chache kwenye nyingine, na kwa macho tu sikuridhika. Tangu madini yaanze kule kwenu Tunduru, jirani yangu ananunua vijiwe vya thamani na ana mzani mdogo wa kupimia. Nikampelekea sahani zangu. Akacheka mpaka akashika mbavu, akasema hajawahi kupima risasi mezani kwake, lakini akanipimia. Zile zetu za zamani zilikuwa gramu thelathini na sita. Zile fupi, vilevile! Urefu wa ganda haukuwa na maana yoyote. Na moja, yenye picha ya njiwa kwenye kasha, ilikuwa gramu ishirini na nne tu. Kumbe ndiyo siri yenyewe: bunduki inakusukuma nyuma kadiri ya mzigo inaousukuma mbele. Na mzigo umeandikwa ubavuni mwa kasha, kwa tarakimu, hata mtu asiyejua lugha yao anaweza kusoma. Niliona aibu na furaha kwa pamoja.

Nikanunua za njiwa. Nikakata kandambili kuukuu, nikaifunga kitakoni mwa bunduki kwa mpira wa baiskeli, nikaomba ufunguo. Teke lilikuja, lakini kama mtu anayekusukuma kwenye foleni ya sukari enzi zile. Unakasirika kidogo, huanguki. Nikatundika boksi kwenye ua wa shamba nikahesabu matundu. Kwa hatua arobaini yalikuwa machache, yametawanyika ovyo. Kwa hatua ishirini na tano yalijaa vizuri. Maana yake ni kwamba risasi nyepesi inataka mtu asogee, na mimi na wewe tulizoea kupiga kutoka mbali kama wenye haraka ya kwenda posta.

Likabaki la kuchinja. Wewe ndiye uliyekuwa unakimbia na kisu ili umkute ndege angali hai, maana akifa kabla, kwenu Waislamu ni kibudu, haliwi. Nikamwambia Mama Zuhura anitafutie mtu. Akasema, "Mwalimu wa madrasa ameniambia mwanamke anachinja. Wewe piga, shemeji. Kukimbia nitakimbia mimi." Mke wangu akaja naye, na chupa ya chai, ili watu wa mtaa wa Mjimwema wasipate la kusema.

Asubuhi ile kwenye mabua ya mahindi nilitambaa kwa tumbo, mtani, na bega langu bovu. Wa kwanza akaanguka anapiga mbawa. Shemeji yangu akatimka, viatu mkononi, khanga kiunoni, nikasikia "Bismillahi" yake kutoka mbali. Wa pili, hivyo hivyo. Akarudi anahema, vidole vina damu, akakaa juu ya tuta akawatazama wale kanga. Kisha akasema, "Mbona hawa nimewakuta hai?"

Sikumwelewa. Akanieleza. Kwamba karibu kila mara ulikuwa unawakuta wameshakufa kwa zile risasi zetu nzito. Kwamba Zuhura amekula kanga mara moja tu, akiwa mdogo, hata ladha haikumbuki. Na mimi uliniambia, "Chukua wote wewe leo, kwangu watoto wamechoka kanga." Nami nikachukua! Nilijua wengine wanakufa kabla hujafika, ila nilidhani wako wa kutosha wanafika kwako. Nikamuuliza, kwa nini Bakari hakuniambia? Akasema alishakuuliza hilo, ukamjibu hivi: "Risasi zenyewe ni hizo hizo, hakuna nyingine. Nikimwambia nitamwondolea raha yake bure."

Bakari, umenitukana miaka kumi na tano. Umenitukania pua, ukoo, na baiskeli. Hilo moja likakushinda?

Ndoa ilikwenda vizuri. Zuhura alipelekewa paja la kanga ndani, na nimeambiwa alimaliza lote na kuulizia jingine. Wakwe walisifu, wakasema marehemu alikuwa mtu wa neno lake. Mimi nilikaa na wazee kwenye mkeka, na walikuwa hawajui kitu, nikala kidogo tu.

Bega linapona. Daktari anasema mwakani naweza kupiga risasi yoyote nitakayo. Sitarudi kwenye zile nzito. Nitasogea karibu, nitapiga za gramu ishirini na nne, na Mama Zuhura ameshasema kisu chako hampi mtu. Kila msimu, kanga wa kwanza atakayeanguka hai ni wa nyumbani kwako, na wa pili pia, na mimi nitasubiri wa tatu.

Lala, mtani. Nakuombea kwa namna yetu ya kanisani, wewe ipokee kwa namna yenu.

Nisamehe nyama yote ile niliyokula.

Otmari wako