Mashine ya Futi Sita

S.L.P. 14,
Ushirombo,
Kahama.
9 Agosti, 1983.

Mpendwa mpwa wangu Kamili,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako imefika ndani ya barua. Marahaba sana, mwanangu. U mzima huko Hamburg? Kile kikohozi cha baridi kimekwisha, au bado kinakusumbua ukiwa kazini bandarini? Sisi tunashukuru. Goti langu la kushoto linalalamika kila asubuhi, na sababu utaisoma mbele. Mama Gregory hajambo. Mvua ilikuwa ya kuhesabu. Karanga tumevuna, mpunga umetuangusha.

Sasa nijibu swali lako. Umeniletea kurasa tatu ulizozikata katika kitabu cha duka, kila moja ina picha ya mashine ya kugundua metali, nawe unauliza ipi umnunulie binamu yako, mwanangu Gregory, aliyekuandikia kwamba anataka kutafuta sarafu za kale na mapambo ya wanawake katika mahame yetu. Ulifanya vema kumwuliza mtu aliyefundisha sayansi miaka ishirini na sita. Nitaeleza kwanza kama mwalimu. Kisha nitaeleza kama mjomba, na hapo univumilie, kwa maana tangu nizisome kurasa hizo, kila nikizigusa natamani kunawa mikono.

Mashine hizi zote ni za ukoo mmoja. Ndani ya ile sahani ya chini mna waya uliozungushwa. Umeme ukipita humo, sahani hupeleka nguvu ya sumaku ardhini. Nguvu hiyo ikikutana na metali, metali hujibu, nawe husikia mlio masikioni. Ni hivyo tu, hakuna uganga. Haigundui almasi, kwa sababu almasi si metali, ingawa Gregory aliwahi kuniambia kwamba akiipata ataipitisha kando ya mgodi wa Mwadui atajirike kwa siku moja. Haigundui vumbi la dhahabu, lile alilolifukuzia miaka miwili machimboni Geita akarudi na homa. Na katika udongo wetu mwekundu wenye mawe ya chuma, mashine hafifu hulia kila hatua kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Mashine ya kwanza, ile ndogo, inatosha kwa mtu mwenye subira. Sarafu ikianguka hufunikwa na vumbi na samadi. Hata baada ya miaka hamsini mara nyingi huikuti chini zaidi ya shubiri moja au mbili. Ubaya wake ni kwamba haichagui. Utainama mara mia kwa ajili ya vizibo vya bia na misumari.

Ya pili ina kitufe cha kuzungusha ili isipigie kelele vipande vya chuma. Kama ningekuwa natafuta sarafu za heller za Wajerumani, senti za tundu, au bangili iliyomponyoka mtu njia ya kisimani, ningechukua hiyo bila kusita.

Ya tatu, yenye masanduku mawili na mti mrefu katikati, wanasema inafika futi sita. Hiyo ndiyo aliyoitaka Gregory. Umeniandikia kwamba katika barua yake maneno “futi sita” ameyapigia mstari mara mbili.

Kamili, kitu kilichopotea hakiendi futi sita. Huko chini kuna vitu ambavyo havikupotea.

Unakumbuka mama yako, dada yangu Febronia, alivyokataa kuzikwa makaburi ya misheni. Alitaka alale mahame, kando ya baba yako, mahali alipozalia watoto wake kabla hatujahamishiwa kijijini mwaka wa sabini na nne. Tulimtii. Ile bangili ya dhahabu uliyomletea kwa mshahara wako wa kwanza ilikuwa mkononi mwake. Ugonjwa ulikuwa umemvimbisha mkono, haikutoka. Baadhi ya watu walitaka tuikate, mimi nikakataza. Na mmoja wa vijana wawili walioshuka kaburini kulipokea jeneza alikuwa Gregory. Alishuka akilia. Ndiyo maana sikuelewa upesi.

Mwezi wa Juni alimwomba Hatibu, mfanyabiashara wa Runzewe, mashine yake kuukuu. Hatibu hununua sarafu za kale, na alikubali kwa sharti kwamba aje nayo mwenyewe, nami niwepo. Nilifurahi kama mwanafunzi. Nilidhani mwanangu amepata hatimaye jambo la kujifunza. Tulitembea juu ya zizi letu la zamani tukapata ulimi wa jembe, vizibo, na senti moja ya tundu ambayo niliifuta kwa shati. Nikaanza kumweleza kwa nini shaba haishiki kutu nyekundu. Alikuwa hanisikilizi. Alikuwa amesimama kwenye kaburi la shangazi yake, anapitisha sahani juu ya miiba tuliyozungushia.

“Baba, hii inafika futi ngapi?”

“Shubiri mbili. Toka hapo.”

“Ndiyo maana nasema hii ni ya watoto.”

Hatibu alikuwa ameshaelewa. Akamnyang'anya vile vya masikioni. “Kijana, mimi nanunua vya wazee kwa wazee wenyewe. Hapo simo.”

Gregory akacheka. Nisikufiche, alicheka. “Mzee Hatibu, shangazi haendi tena gulioni. Bangili ya nini?”

“Fisi hufukua kwa sababu hana shangazi,” Hatibu akasema, akatema mate, akaifunga mashine kwenye baiskeli yake, akaondoka bila kutuaga. Sikumlaumu. Aliyesema maneno yale ana pua yangu na sauti yangu.

Huyo ndiye aliyelelewa na mama yako miezi minne alipougua surua, akilishwa uji kwa kijiko!

Na ujinga wake unanichukiza karibu sawa na uovu wake. Mashine ile ya tatu huona kitu kikubwa, tuseme chungu kizima cha sarafu. Bangili moja haitaiona hata siku moja. Nilimwambia hivyo. Akajibu kwamba walimu hatupendi vijana watajirike. Wiki mbili baadaye Nyamizi, jirani yetu, alipita kuokota kuni akamkuta na jembe, ameshaondoa miiba na kuchimba hadi magotini. Nyamizi akapiga yowe, “Mayu wane!” yaani mama yangu, hadi watu wa mashamba ya karibu wakaja, naye akakimbia. Nimelifukia shimo kwa mikono yangu. Mama yako hakuguswa, hilo nakuapia. Tangu hapo kila asubuhi naenda mahame kutazama, maili tatu na goti hili, namlinda dada yangu dhidi ya mtoto wangu.

Kwa hiyo usinunue mashine yoyote. Fedha uliyoitenga itume kwa Hatibu. Yeye ana njia ya kupata saruji hapo Isaka, nami nimeshaomba kibali. Watu hujengea wazazi wao kaburi ili kuwaheshimu. Sisi tutamjengea Febronia kwa kumwogopa ndugu.

Mama Gregory anakusalimu. Hajui habari ya jembe, Nyamizi na wenzake niliwasihi wasimwambie, nawe usimwandikie. Hatibu anakusalimu. Dada yako Tereza amejifungua salama, mtoto wa kike, wamemwita Febronia. Mungu akulinde baharini na nchi kavu, akurudishe ukiwa na miguu yako miwili. Gregory hakutuma salamu, nami sikumwomba.

Saruji peke yake haitoshi. Mwambie Hatibu alete na nondo. Nitazipanga mwenyewe, zikipishana kama wavu, juu ya kaburi zima kabla ya kumwaga zege. Ukipitisha mashine juu ya nondo, ya kwanza, ya pili au ya tatu, italia kutoka kichwani hadi miguuni wala haitasema lolote. Hilo ndilo somo langu la mwisho la fizikia.

Ni mimi mjomba wako, mwenye kukupenda na kukuombea,
Mwl. Telesphori