Mafuta ya Nyonyo Hayakufika Kichwani

Tabata, Dar

Dada Salome, shikamoo. Mie mzima, ila joto la huku linanikamua kuliko wewe unavyokamua nyonyo.

Nisamehe dada. Yale mafuta uliyonipa nimletee mwanao Neema apake nywele, kayamimina kwenye ndoo ya wino hapa anapochapia mifuko ya karatasi. Nikamfokea, "We mtoto, mama yako mkubwa katoka jasho kwa hayo!" Anacheka tu, anakoroga kama uji. Kumbe wino wake ulikuwa unapasuka mfuko ukikunjwa, na mama mmoja muuza mikate alishamwambia akiona ufa tena anahamia kwa mchapaji mwingine.

Jana mama huyo kaja. Kashika mfuko, kaufinyanga kama tonge la ugali, kaukunjua. Yule jogoo mwekundu aliyechapwa juu yake hana hata mkwaruzo.

"Umetia nini humu?"

"Mafuta ya nywele," nikadakia, "na fundi mwenyewe nimemzaa mie."

Kaagiza mingine palepale. Nikacheza mpaka kilemba kikadondokea ndooni, sasa nacho ni chekundu.

Jogoo wa kadi hii ninayokuandikia kachapwa kwa wino huohuo. Mkunje utakavyo, kisha uwaonyeshe wale waliosema nimesomesha mtoto wa kike bure.

Mungu aitunze mikono yako, maana Neema anaomba chupa tatu, mbili za wino na moja ya nywele. Hiyo moja nitampaka mwenyewe, nimembana kichwa kwa magoti.

Mdogo wako,
Mama Neema