Mashine Iliyoinyoosha Kumbwaya Yangu

Hail, Maskati
Mfunguo Pili (Machi 1997)

Kwa Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo Mama. Nataraji barua hii itakukuta umetulia, magoti hayakusumbui na sukari imekubali kushuka. Vipi dada Kheiria na wanawe? Vipi Muhsina, bibi harusi wetu, ameshafungiwa ndani au bado anazurura Darajani akichagua khanga? Huku kwa kaka Badr sote hatujambo, ila joto limetuwahi mwaka huu, na mkewe ameshaanza kugombana na mashine ya ubaridi. Nimeandika hatujambo kwa mazoea tu. Mimi, Mama, ujambo wangu ni wa mdomoni.

Saeed, aliyerudi juzi kutoka huko kwenu, amenifikishia ujumbe wako kwamba nije kwenye harusi ya Muhsina baada ya Iddi ya Mfunguo Tatu, nikae ubavuni kwako na ngoma yangu ya dumbak mapajani, kama tulivyokaa kwenye harusi ya Kheiria. Badr ameshasema tiketi ni juu yake. Kimya changu kimekufanya useme kwamba nimeshakuwa Mwarabu, sina haja tena na watu wa ng'ambo. Cheka, Mama, lakini si hivyo. Sababu ni mkono wangu wa kulia, na mashine.

Mkono ulianza mwaka jana. Nauambia piga, unapiga pale unapotaka wenyewe. Nikasingizia ubaridi wa ndani, nikasingizia pasi, nikasingizia jicho la watu. Nikasomewa, nikajipaka mafuta ya habasoda mpaka Hadeel, binti yake Badr, akawa ananikimbia kwa harufu. Mwisho nikaenda kwa daktari. Akanitembeza, akanikunjakunja vidole, kisha akasema maradhi hayamo mkononi, yamo kwenye ubongo, na hayana dawa ya kuyaondoa, ipo ya kuyachelewesha tu. Akaniuliza nafanya kazi gani. Niliona haya kumwambia napiga ngoma, nikasema napika. Akasema basi nijihadhari na visu.

Niliyemwambia katika kikundi chetu cha kupiga harusini ni Shariffa peke yake, yule mwimbaji na mkubwa wetu. Hakunilaumu. Alisema wenye harusi wa siku hizi wanataka mashine ya ngoma hata hivyo, vikundi vyengine vinakwenda na kisanduku kinapiga tangu alasiri na hakiombi chai. Kisha akasema kwa kuwa hapana anayezijua ngoma zetu kama mimi, niende mimi nikaichague. Mama, umewahi kusikia mtu akitumwa kwenda kujichagulia mke mwenza? Basi mimi nilikwenda. Nilijiambia itanisaidia huku mkono ukipumzika. Mfa maji haachi kutapatapa.

Duka la kwanza lilikuwa Matrah, kule nyuma ya soko. Mashine yao ilikuwa na midundo tayari ndani, ya Kiarabu, ya Kihindi, ya kizungu, unabonyeza tu. Nikamwomba muuzaji kumbwaya, mdundo ule ulionifundisha wewe. Akanipa rumba, akatabasamu kama aliyenipa zawadi. Ya pili niliiona Ruwi, mpya, ina vitufe vingi kuliko meno yangu, lakini sauti yake ni ya mtu anayepiga tangi la maji kwa kijiko. Ya tatu niliikuta Ghala, kwenye karakana ya Musallam, shemeji yake Shariffa, anayetengeneza amplifaya. Iliachwa na bendi moja ya hoteli iliyorudi kwao. Rangi ya kijivu, imechubuka pembeni, na ina vigae vya mpira unavyovipiga kwa vidole. Unapiga, inahifadhi, halafu inakurudishia ulichokipiga, bila kuchoka.

Musallam alinieleza kwamba ina tabia moja: pigo lililochelewa au lililowahi inalivuta kwenye mstari, inalinyoosha. Nikamuuliza kama tabia hiyo inazimika. Akanionesha kitufe cha kuizima. Hapo nikapandwa na kiburi, nikamweleza kwamba kumbwaya haina mstari, pigo lake moja linachelewa makusudi, kama mtu aliyeitwa akasikia lakini anamaliza kwanza maneno yake. Nikamwambia nimefundishwa hivyo na mama yangu, na sitaki kitu cha kuja kumsahihisha mama yangu. Nikaichagua ile. Siku ile nilirudi nyumbani na furaha, walahi.

Tukajifungia chumbani, mimi na Shariffa. Nikakizima kile kitufe cha kunyoosha, nikapiga kumbwaya yako kwenye vile vigae, kisha tukaisikiliza. Maisha yangu yote nimeisikia ngoma yangu nikiwa ndani yake, sijapata kuisikia kutoka nje. Nilichosikia ni mtu anayechechemea na ndoo ya maji kichwani. Kule kuchelewa hakukuwa kwako. Kulikuwa kwa maradhi. Nikapiga tena na tena mpaka vidole vikakataa kabisa, na kila mara mashine ilinirudishia ukweli wangu mtupu. Mwisho Shariffa akanyoosha mkono, akabonyeza kile kitufe. Ngoma ikasimama wima, safi, kila pigo mahala pake. Akasema mashaallah. Nikamwambia hii si kumbwaya. Akanijibu kwa upole kwamba hapana atakayejua.

Mara baada ya Iddi hii ya Mfunguo Mosi tukaitwa kwenye hina, hapa hapa Hail, nyumba ya watu wa kwetu Unguja. Mashine tuliifunika kitambaa nyuma ya kinanda. Mimi nikawekwa mbele na dumbak mapajani, kwa sababu wenyewe walilipia ngoma, basi lazima waone ngoma. Nikawa naichezesha mikono juu ya ngozi bila ya kuigusa. Wanaume hawaingii, kwa hiyo Musallam alibaki nje kwenye gari, na Shariffa alikuwa amekariri kitufe cha kuanzia na cha kubadilishia tu. Wanawake walicheza, Mama! Walinitunza, wakanibandika noti kifuani na kichwani. Bibi mmoja aliniinamia sikioni akasema mikono yangu leo ni ya mwanamwali.

Mara ikaadhiniwa Magharibi, msikiti uko ukuta kwa ukuta na nyumba ile. Desturi yetu unaijua, Allahu akbar ya kwanza tu kila kitu kinanyamaza. Kinanda kikanyamaza, Shariffa akafunga mdomo, na mimi nikainua mikono yangu juu. Ngoma ikaendelea. Kumbwaya inapigwa juu ya adhana, na mpigaji mikono yake iko hewani, kila mtu anaiona. Shariffa akabonyeza huku na huku, ndio kwanza ikaongeza mbio. Nilitambaa kwa magoti mbele za watu mpaka ukutani nikachomoa waya.

Nilidhani watanifukuza. Nilikuwa tayari, nakwambia kweli, hata nilitamani mtu mmoja asimame anitukane. Walisema astaghfirullah, wakacheka ndani ya buibui, wakaenda kusali. Waliporudi, mama wa bibi harusi akatuomba tuiwashe tena. Hapana aliyekasirika, Mama. Hapana hata aliyeniuliza nilikuwa nafanya nini pale na dumbak langu.

Sasa nafika pale ambapo kalamu inanigomea. Ile kaseti niliyompa Saeed akuletee, ya shughuli ya hina, ni ya siku ile, ilirekodiwa baada ya sala. Nilikuletea ili usiniulize habari za ngoma kwa muda. Saeed aliporudi hakuniletea ujumbe wa harusi tu. Aliniambia uliwakusanya majirani, ukawanyamazisha, ukamwamrisha airudishe nyuma usikie tena. Kisha ukasema, sasa mkono wake umetulia. Mimi mkono wangu tangu utotoni ulikuwa ukiuita wa pepo, na neno hilo moja, umetulia, nimelingoja mpaka mvi zimenitoka. Na ukasema siku ya harusi ya Muhsina utaipakata ngoma yako mbele za watu, uniwekee mimi mapajani, na wewe hutoigusa tena. Saeed alikuwa ananipongeza. Nilikwenda jikoni nikafungulia maji, nikalia.

Mkono ule si wangu, Mama. Si wa mtu yeyote. Ni kile kisanduku cha Ghala. Na niseme yote: nilikukasirikia. Dunia nzima isisikie, sawa, lakini nilijua wewe utasikia. Nilingoja Saeed aniletee tusi lako, uniulize nani huyu aliyeinyoosha kumbwaya yangu kama mstari wa skuli. Tusi hilo ningelilala nalo kifuani. Badala yake umenisifu, na sifa yenyewe haikunifika mimi.

Kwenye harusi sitokuja. Siwezi kukaa ubavuni kwako nikakuchezea mikono hewani. Mwambieni Muhsina anisamehe, wala msimwambie sababu mpaka ipite fungate. Lakini wewe, Mama, nakuomba, ngoma usiiweke chini. Hata mkono ukikuuma, hata ukipiga kidogo tu. Watoto wa Kheiria hawaitaki, Hadeel masikio yake yamezibwa na redio, na mimi ndiyo hivyo tena. Ukiiweka chini, hapana wa kuiokota.

Badr na mkewe wanakuamkia, na Hadeel anaomba radhi zako kwa mtihani wake. Nisalimie Kheiria na wote waliomo nyumbani, na majirani wale waliosikiliza kaseti waambie utakavyoona wewe. Mungu akuweke.

Naibusu mikono yako yote miwili.

Mimi mwanao,
Masouda